Kaida Kama Uwanja wa Jaribio: Wimbo wa Dansi wa Sehemu Mbili kati ya Kongo, Tanzania na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lawama inayosikika mara kwa mara katika uhakiki wa muziki pendwa wa Afrika Mashariki na Kati: kwamba wanamuziki hung'ang'ania kaida iliyokwisha kuzoeleka na hawathubutu kujaribu mambo mapya. Mfano mkuu ni wimbo wa dansi wenye sehemu mbili, umbo lililosafiri kutoka miji ya Kongo hadi Dar es Salaam na Nairobi kuanzia katikati ya karne ya 20. Inajengwa hoja kwamba katika muziki huu kaida na jaribio si vitu viwili vinavyoshindana. Jaribio lilifanyika ndani ya kaida, na kustawi au kudumaa kwake kulitegemea nani aliyeishika kaida hiyo: wapigaji wenyewe, wakiwa na muda wa mazoezi na hadhira ya kila wiki, au chombo kingine kilicho nje yao. Makala yanahitimisha kwa kueleza maana ya hoja hii kwa sera za hakimiliki, nyaraka za sauti na urithi wa utamaduni.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa muziki pendwa katika ukanda huu hukabiliwa na lawama mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kwamba wanamuziki hawabuni: gitaa la wimbo wa leo ni lile lile la wimbo wa jana, kisa ni kile kile cha mapenzi, na mwisho wa wimbo unajulikana kabla haujaanza. Ya pili ni kwamba wanamuziki wamebuni kupita kiasi na kuitupa asili. Mara nyingi lawama zote mbili hutolewa na watu wale wale, tena katika kikao kimoja. Hali hiyo inaashiria kwamba tatizo halimo katika muziki peke yake. Limo pia katika mizani inayotumiwa kuupimia.

Mizani hiyo ina historia. Mwaka 1941 Theodor Adorno, katika insha aliyoiandika kwa msaada wa George Simpson, alidai kuwa muziki pendwa wa Marekani umesanifishwa kama bidhaa ya kiwandani. Kwa maoni yake, umbo zima la wimbo hupangwa mapema, vipengele vyake vinaweza kubadilishana nafasi bila wimbo kuathirika, na tofauti ndogondogo zinazosikika ni upekee wa bandia unaomfariji msikilizaji. Hoja hiyo imerithiwa na wahakiki wengi, hata wale ambao hawajamsoma Adorno. Kila anayesema kwamba bendi fulani "inapiga wimbo mmoja kwa majina kumi" anarudia hukumu yake.

Makala haya hayakatai kwamba muziki wa dansi una kaida. Kaida yake ni thabiti na hutambulika ndani ya dakika ya kwanza. Swali linaloulizwa hapa ni lingine: kaida hiyo iliwafanyia kazi gani wanamuziki, na ni katika mazingira yapi ilikoma kuwasaidia?

2.0 Funzo kutoka mgogoro wa ushairi

Uhakiki wa Kiswahili umekwisha kulipitia swali hili katika uwanja mwingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichoweka vina na mizani kuwa msingi wa utungo. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi (1974), ambayo mashairi yake hayakufuata sharti hilo. Mjadala uliofuata baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliendelea kwa miaka mingi. Wa upande wa kwanza waliona kwamba kuvunja arudhi ni kuuvunja ushairi wenyewe. Wa upande wa pili waliona kwamba arudhi ni pingu.

Pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja bila kulitamka, yaani kwamba kanuni na uhuru ni maadui. Utendaji wa washairi wenyewe unaonesha vinginevyo. Katika malumbano, anayejibu hulazimika kufuata bahari na vina vya mwenziwe, na hadhira humpima papo hapo: amelitumiaje sharti ambalo hakulichagua? Tarbia ya mishororo minne yenye mizani 16 kila mmoja imebeba maombolezo, siasa, mafumbo ya mapenzi na masuala ya fikihi. Umbo halikubadilika, kilichobadilika ni kazi lililofanyishwa. Pasipo umbo linalofahamika kwa wote, hadhira isingekuwa na njia ya kutambua ufundi wa huyu dhidi ya yule.

Funzo hilo linahusu muziki moja kwa moja. Inafaa kutofautisha kaida ya ufundi, ambayo iko mikononi mwa watendaji na hadhira yao, na kaida ya soko, ambayo huamuliwa na chombo cha kurekodia, mwenye studio au mwenye kituo cha utangazaji. Zote mbili husikika kama marudio. Hata hivyo, ya kwanza huacha mlango wazi kwa mtendaji, na ya pili huweza kuufunga.

3.0 Umbo lenyewe na njia lililopitia

Wimbo wa dansi wa sehemu mbili huanza taratibu. Mwimbaji kiongozi hutoa kisa kwa beti, waitikiaji humfuata, na gitaa la solo hujibu mwishoni mwa kila mshororo. Kisha wimbo hugeuka: kasi huongezeka, maneno hupungua na kuwa kiitikio kifupi, na magitaa hushika usukani. Wakongo huiita sehemu hii sebene. Wanamuziki wa Tanzania waliiita chemko, jina linalotokana na kuchemka, nalo linaeleza vizuri kinachotokea ukumbini.

Asili ya mgawanyo huo iko katika son ya Kuba, ambayo nayo huanza kwa beti na kuishia katika montuno, sehemu ya wito na mwitikio. Santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa na kampuni ya HMV mwaka 1933, zilieneza muziki wa Kuba katika miji ya Afrika. Wapiga gitaa wa Kongo waliichukua montuno na kuihamishia katika nyuzi, wakaipa urefu na uzito ambao haikuwa nao Havana. Kwa hiyo kaida inayolaumiwa leo kuwa ni mazoea ilianza kama jaribio kubwa la kuhamisha kazi ya ala moja kwenda kwa nyingine.

Kutoka Kongo umbo hili lilisafiri pamoja na watu. Orchestra Maquis ilihamia Dar es Salaam. Super Mazembe ilifika Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala alipitia Kampala kabla ya kufika Nairobi, ambako aliunda Orchestra Virunga. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kujiunga na Orchestra Makassy. Vilevile, ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga walikwenda Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Katika njia hizo zote Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, nacho kilibadilisha umbo: sehemu ya kwanza, yenye kisa na mawaidha, ilipata uzito mkubwa kwa hadhira iliyozoea kusikiliza maneno.

Chombo cha kurekodia nacho kilikuwa na sauti yake. Nchini Kenya wimbo uliuzwa kwa santuri ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ambayo kila upande wake hubeba dakika chache tu. Wimbo ulikatwa: kisa upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Mnunuzi aliyetaka kucheza aliweza kuugeuza upande bila kukisikiliza kisa. Nchini Tanzania, ambako kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hakukuwa na kiwanda cha santuri, kurekodi kulitegemea studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa mwaka 1977, utegemezi huo uliongezeka. Kanda ya redio haikuwa na pande mbili. Wimbo uliweza kwenda dakika sita hadi nane bila kukatwa, na kivuko kati ya kisa na chemko kikawa mahali pa kuoneshea umahiri. Kaida ilikuwa moja, lakini vyombo viwili viliizalia tabia mbili.

4.0 Majaribio manne ndani ya kaida moja

Mifano minne inatosha kuonesha jinsi kaida hiyo ilivyotumika.

Wa kwanza ni Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969. Vijana hawa waliziondoa ala za kupuliza, ambazo bendi kubwa za wakati huo ziliziona kuwa alama ya heshima, wakaijaza nafasi hiyo kwa ngoma na magitaa. Sehemu mbili zilibaki. Kilichobadilika ni uwiano: sebene ilirefuka, na katika miaka ya 1980 ikampata atalaku, mpiga kelele za kuchochea wachezaji. Msikilizaji aliyeijua kaida ndiye aliyeweza kuhisi ukubwa wa upungufu huo wa makusudi.

Wa pili ni Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mtindo wake, Sikinde, ulipewa jina la ngoma ya Wazaramo. Chini ya uongozi wa kimuziki wa Michael Enoch, bendi hii ilifanya kinyume cha Zaiko: ilizikuza ala za kupuliza na kuzipa kazi ya kukifunga kisa kabla ya chemko. Waimbaji kama Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka na Cosmas Chidumule walipishana kwa sauti tofauti ndani ya wimbo mmoja, hivyo kisa kikawa kama mazungumzo. Hapa hoja ya Adorno inayumba. Alidai kwamba kipengele kimoja hakibadilishi maana ya wimbo mzima. Lakini katika kazi bora za Mlimani Park, chemko lisilo na kisa kilichotangulia hubaki midundo mitupu, na kisa kisichofikia chemko hubaki malalamiko. Kila sehemu inaihitaji nyingine.

Wa tatu ni Les Wanyika, kundi lililomeguka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Jaribio lake lilikuwa la kupunguza. Katika wimbo uliolitangaza zaidi, "Sina Makosa", gitaa la besi na la rithimu ndiyo yanayobeba wimbo, na badiliko la kasi linalotarajiwa karibu halipo. Mgawanyo unasikika kwa kubadilika kwa kazi ya magitaa wakati mwendo unabaki ule ule. Msikilizaji anangojea mchemko, na kuchelewa kwake ndiko kunakoufanya wimbo ushike. Athari hiyo isingewezekana kwa hadhira isiyo na kaida kichwani.

Wa nne ni Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Kwake jaribio lilikuwa la maudhui. Wimbo "Mambo kwa Soksi", uliohusu kondomu wakati janga la UKIMWI lilipokuwa bado halitajwi waziwazi, haukupewa nafasi katika redio ya taifa. Umbo lake lilikuwa la kawaida kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo liliweza kuubeba ujumbe mzito hadi kwenye kumbi ambazo mahubiri ya afya yasingefika. Mtu aliyekuja kucheza alicheza, na maneno yakaenda naye nyumbani. Laiti Ongala angebadilisha umbo na maudhui kwa pamoja, huenda angepoteza hadhira aliyoikusudia.

Mifano hii minne inaelekea pande tofauti: kuondoa ala, kuongeza ala, kuchelewesha mgeuko, kubadili mada. Yote inasomeka kama majaribio kwa sababu ipo kaida inayoyapima.

5.0 Kaida inapogeuka ukuta

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kila marudio ni ufundi. Muziki wa dansi nao una kurasa zake za uchovu, na uhakiki una wajibu wa kuzitaja.

Ukurasa wa kwanza ni ule wa majina ya mitindo. Kila bendi ya Tanzania ilijitambulisha kwa mtindo wake, na ushindani huo ulikuwa na faida: uliwalazimisha wapigaji watafute alama ya kuwatofautisha. Lakini wanamuziki walipohama kwa makundi, jina jipya lilitangazwa mara moja. Katikati ya miaka ya 1980, baadhi ya nguzo za Mlimani Park zilihamia Orchestra Safari Sound, na mtindo wa Ndekule ukazaliwa. Sauti zilikuwa zile zile na upangaji wa ala ulifanana kwa kiasi kikubwa na ule walioutoka. Katika hali kama hii jina la mtindo liliuza tofauti ambayo sikio halikuipata, na hapo Adorno anastahili kusikilizwa.

Ukurasa wa pili una uzito zaidi, kwa kuwa unamhusu mtu aliyeivunja kaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jijini Paris, Kanda Bongo Man aliiacha sehemu ya taratibu na kuingia moja kwa moja katika sebene. Lilikuwa jaribio la kijasiri, nalo lilifanikiwa kimataifa. Matokeo yake katika muziki ulioitwa soukous yanafaa kuzingatiwa. Ndani ya miaka michache mwendo wa kasi kutoka sekunde ya kwanza uligeuka sharti, ngoma za mashine zikachukua nafasi ya mpigaji, na wapiga gitaa wachache waliokodiwa studio walisikika katika albamu nyingi za waimbaji tofauti. Kuvunja kaida kulizaa kaida nyembamba zaidi.

Sababu haikuwa upungufu wa vipaji. Wapiga gitaa hao walikuwa miongoni mwa mahiri zaidi wa kizazi chao. Kilichokosekana ni bendi. Bendi ya Dar es Salaam au Kinshasa ilikuwa na mazoezi ya mara kwa mara na kumbi za kila wiki. Nchini Tanzania wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa wa jumuiya, vyama, majeshi na mashirika ya umma. NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliyokuja kuwa Msondo Ngoma, Vijana Jazz na JKT Kimulimuli ni mifano inayojulikana. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, zikiwemo mishahara midogo na udhibiti wa maneno ya nyimbo, lakini uliwapa wapigaji kitu ambacho studio ya kukodi haikutoa: muda wa kukosea. Mstari wa gitaa uliweza kujaribiwa Ijumaa, ukakataliwa na wachezaji, ukarekebishwa, na kurudishwa wiki iliyofuata. Paris, mwimbaji alilipia saa, na katika saa ya kulipia kila mtu hupiga kile anachojua kitakubalika.

Singeli, muziki wa vitongoji vya Dar es Salaam unaokwenda kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, unasaidia kuisahihisha hoja hii isielemee upande mmoja. Huu ni muziki wa kompyuta na vipande vinavyorudiwa, hauna bendi, na bado una majaribio mengi. Mtayarishaji wake anamiliki chombo chake, yuko karibu na sherehe za mtaani ambako kazi hupimwa, na hurudi kuirekebisha. Kwa hiyo mashine haiui jaribio. Kinachoamua ni kama anayetenda ana mamlaka juu ya kaida na nafasi ya kuijaribu mbele ya watu.

Singeli pia inafichua upofu wa vipimo. Baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, muziki huu ulipokelewa katika matamasha ya Ulaya kama muziki wa kijaribio. Nyumbani, kwa miaka mingi, ulihesabiwa na wengi kuwa kelele za uswahilini zinazojirudia. Sauti ni zile zile. Msikilizaji wa Berlin hakuijua kaida, hivyo alisikia upya mtupu. Mkosoaji wa nyumbani hakuisikiliza, hivyo alisikia marudio matupu. Wote wawili waliikosa kazi ya mtendaji aliyekuwa akichagua, ndani ya kaida, nini cha kurudia na nini cha kugeuza.

6.0 Athari kwa sera

Hoja iliyojengwa ina matokeo matatu kwa wanaoshauri serikali na taasisi za ukanda.

Kwanza ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zinalinda kazi na utendaji. Hazilindi mtindo, na ni vema zisiulinde, kwa kuwa mtindo uliofungiwa hauwezi kujaribiwa na wengine. Lakini kwa mazoea, wimbo wa dansi hutajwa kwa jina la mtunzi wa maneno na sauti ya kuimba. Chemko, ambalo huzaliwa mazoezini kwa mikono ya wapiga magitaa na wapulizaji, halina mwenyewe. Taratibu za uandikishaji zinapaswa kutoa nafasi ya kuwataja wapangaji hao kama washiriki wa utunzi. Vinginevyo, sheria itaendelea kulilipa neno na kulisahau jaribio.

Pili ni nyaraka za sauti. Kanda za redio za taifa mara nyingi huthaminiwa kwa kigezo cha nyimbo mashuhuri. Kwa mtafiti wa ubunifu, thamani kubwa iko katika wingi wa zile zinazoonekana kufanana: wimbo uliorekodiwa mara mbili kwa miaka tofauti, mtindo mmoja katika mikono ya bendi mbili. Kuhifadhi wimbo mmoja bora na kuyatupa marudio yake ni kukata ushahidi wa jinsi ubora huo ulivyofikiwa.

Tatu ni urithi. Mwezi Desemba mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Kongo. Ni heshima inayostahili. Hata hivyo, rumba iliyoimbwa kwa Kiswahili Dar es Salaam na Nairobi, tena mara nyingi na wanamuziki waliozaliwa Kongo, haimo katika maombi hayo. Umbo lililokua kwa kuvuka mipaka limeorodheshwa kwa mipaka ya dola. Nchi jirani zina nafasi ya kushirikiana katika maombi ya nyongeza au angalau katika uhifadhi wa pamoja. Zikifanya hivyo, zijihadhari na hatari iliyomo katika kila orodha: kuigandisha kaida katika sura ya mwaka mmoja na kumwona anayeigeuza kuwa mharibifu. Rumba ya mwaka 1960 ikitangazwa kuwa ndiyo rumba, Zaiko ya mwaka 1969 ingekuwa kosa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba swali la kama wanamuziki wanajaribu au wanang'ang'ania kaida limewekwa vibaya. Katika wimbo wa dansi wa sehemu mbili, kaida ndiyo iliyofanya jaribio lisikike, na wanamuziki mahiri walijaribu kwa kuigusa mahali pamoja na kuiacha pengine. Kaida iligeuka ukuta pale ilipotoka mikononi mwa wapigaji waliokuwa na muda, ukumbi na hadhira, ikaingia katika saa ya kukodi au katika jina la biashara. Sera inayowahimiza wasanii "wawe wabunifu" bila kuuliza wanafanyia wapi mazoezi, nani anamiliki chombo na nani analipwa kwa chemko, inawadai matunda ya mti ambao haujamwagiliwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu bendi za Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura na Kampala, ambako umbo hili lilipita na kuacha alama ambazo uhakiki wa Kiswahili haujazisoma kwa kiwango kinachostahili.